Chapa ya Mwaka Gani?

Wako watu wazima wanaoona haya kukutwa wanasoma katuni. Ukiwafumania na kitabu cha picha mkononi watakuambia wanamkagulia mjukuu. Mimi sina haya hiyo. Katika miaka yangu ya kufundisha walimu nilishikilia kwamba kitabu cha picha kilichotengenezwa vizuri husomeka mara ya pili na ya tatu kama kitabu kingine chochote, na kila mara humwonyesha msomaji jambo ambalo jicho lake lililipita hapo awali.

Siku hizi katuni za zamani hupatikana kwa njia mbili. Unaweza kuzikusanya katika karatasi, au unaweza kuzinunua kwa njia ya kidijitali na kuzisoma kwenye kompyuta au simu. Vijana huniuliza: kuna haja gani ya kulimbikiza makaratasi, ilhali hadithi zote za Tintin, ambazo ni vitabu 24 pamoja na kile ambacho mchoraji alikufa kabla ya kukimaliza, zinaingia katika kifaa kisichozidi uzito wa daftari? Swali hili ni halali. Aghalabu wazee wenzangu hulijibu kwa mapenzi: watakutajia harufu ya karatasi na raha ya kufunua ukurasa. Hayo ni kweli, lakini si hoja. Hoja iko katika historia ya vitabu vyenyewe, na Tintin ni mfano mzuri kuliko yote niijuayo.

Tintin alizaliwa gazetini. Mjini Brussels, Ubelgiji, kulikuwa na gazeti la Kikatoliki lililoitwa Le Vingtième Siècle, likiongozwa na padre Norbert Wallez. Mwaka 1928 gazeti hilo lilianzisha nyongeza ya kila wiki kwa ajili ya watoto, na kazi ya kuisimamia akapewa kijana wa miaka 21, Georges Remi. Kijana huyo alitia sahihi michoro yake kwa jina la Hergé, yaani herufi za kwanza za majina yake zikigeuzwa na kutamkwa Kifaransa. Tarehe 10 Januari 1929 Tintin, mwandishi wa habari, na mbwa wake Milou walianza safari ya Urusi ya Kisovieti. Safari yao ya pili ilianza Juni 1930 na kwisha Juni 1931. Hiyo ilikuwa safari ya Kongo.

Hergé hakuwahi kufika Kongo. Aliyoyajua aliyapata katika makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, na katika mazungumzo ya watu waliomzunguka. Padre Wallez alitaka watoto wa Ubelgiji waipende koloni yao, na hadithi ikafanya kazi hiyo kila wiki. Mwaka 1931 kurasa za gazeti zilikusanywa zikawa kitabu cha nyeusi na nyeupe chenye kurasa 110. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, karatasi ilipokuwa haba, wachapishaji Casterman waliamua kwamba vitabu vya Tintin viwe vya rangi na visizidi kurasa 62. Ikabidi hadithi za zamani zichorwe upya na kufupishwa. Zamu ya Kongo ilifika mwaka 1946.

Sasa tufungue ukurasa mmoja tu, ule ambao mwalimu yeyote atakawia kuupita. Tintin yuko katika shule ya misheni, ameombwa ashike kipindi. Katika kitabu cha mwaka 1931 anasimama mbele ya watoto wa Kikongo na kuwaambia kwamba atazungumza nao habari za nchi yao, na kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika chapa ya rangi ya mwaka 1946 darasa ni lile lile, na chui atakayeingia kukatiza kipindi ni yule yule, lakini somo limekuwa hesabu. Tintin anauliza mbili na mbili ni ngapi. Anarudia swali. Hakuna mtoto anayejibu.

Mtu akiisoma chapa ya 1946 peke yake atadhani ameona kichekesho kidogo cha shule. Mimi niliyekaa nyuma ya madarasa mengi nikikagua mazoezi ya kufundisha naona mambo mawili. Kwanza, somo la 1931 ni uongo, lakini ni uongo unaotaja kazi yake waziwazi. Linaonyesha, kwa mchoro na maneno machache, shule ya kikoloni iliwekwa kwa ajili gani. Mwanahistoria hawezi kupata ushahidi mfupi kuliko huo. Pili, marekebisho ya 1946 hayakumwinua mtoto wa Kikongo hata kidogo. Yalimwondolea Ubelgiji, yakamtwika ujinga. Mwanzoni alikuwa mtoto anayedanganywa. Sasa amekuwa mtoto asiyejua mbili na mbili. Aibu iliyokuwa ya mwalimu imehamishiwa kwa mwanafunzi. Chuoni kwetu, mwalimu-mwanafunzi aliyeuliza swali, akapata kimya, kisha akarudia swali lile lile, alipunguziwa alama yeye. Hatukuwalaumu watoto.

Jambo hilo huwezi kuliona mpaka uviweke vitabu viwili mezani, kimoja kando ya kingine. Chapa mpya ikiwa peke yake haisemi kwamba ilifuta kitu. Inakaa kama iliyokuwapo tangu mwanzo.

Wala si Kongo peke yake. Hadithi ya nyota ya ajabu ilitoka katika gazeti la Le Soir mwaka 1941 na 1942, Brussels ikiwa chini ya Wajerumani, nalo gazeti likiwa mikononi mwao. Humo adui wa msafara wa Tintin ni tajiri wa New York mwenye jina la Kiyahudi, Blumenstein, na meli yake inapeperusha bendera ya Marekani. Katika chapa ya mwaka 1954 tajiri huyo akaitwa Bohlwinkel na nchi yake ikawa São Rico, nchi ambayo haipo katika ramani yoyote. Hadithi ya dhahabu nyeusi nayo ilianza mwaka 1939, ikakatizwa Wajerumani walipoivamia Ubelgiji Mei 1940, na ikatoka kama kitabu mwaka 1950. Humo mna Palestina iliyo chini ya Waingereza, na wapiganaji wa Kiyahudi wanaopambana na Waingereza hao. Mchapishaji wa Uingereza akaomba mambo hayo yaondolewe, na katika chapa ya 1971 Waingereza wametoweka, Wayahudi wametoweka, na nchi imekuwa Khemed, ya kubuni tupu. Anayeisoma chapa hiyo leo hana njia ya kujua kwamba kitabu hicho kiliwahi kuzungumzia jambo ambalo dunia haijalimaliza mpaka sasa.

Yako pia mabadiliko ya heri, na haki itendeke kwa kuyataja. Mwaka 1934 Hergé alikutana na kijana wa Kichina, Zhang Chongren, aliyekuwa akisomea sanaa mjini Brussels. Zhang alimfundisha mengi kuhusu nchi yake, na hata maandishi mengi ya Kichina yanayoonekana katika picha za hadithi ya yungiyungi la buluu ni ya mkono wake. Kitabu hicho, kilichotoka mwaka 1936, kinawacheka Wazungu wanaowadharau Wachina, na kinaonyesha hila ya Wajapani waliolipua reli na kuwasingizia Wachina. Ukikisoma baada ya kile cha Kongo utadhani ni watu wawili waliovichora. Ni mtu yule yule, miaka michache tu baadaye, tofauti ikiwa kwamba safari hii alimsikiliza mwenye nchi kabla ya kuichora nchi yake. Na mwaka 1966 hadithi ya kisiwa cheusi ilichorwa upya yote, kwa sababu mchapishaji wa Kiingereza alihesabu makosa 131 katika picha za Uingereza na Scotland, na msaidizi wa Hergé, Bob De Moor, akatumwa huko kuchora mambo yalivyo. Waingereza walipolalamika kwamba nchi yao imechorwa vibaya walitumiwa mtu akaangalie. Mkongo hakutumiwa mtu.

Nadhani msomaji ameanza kuona kwa nini napenda karatasi. Kitabu kilichochapwa kina mwaka wake. Kilichochapwa 1931 kitabaki cha 1931 hata mwandishi akijuta, hata mchapishaji akiona haya, hata sheria ikibadilika. Hergé mwenyewe aliungama baadaye kwamba alichora Kongo kwa kufuata fikra za dharau za jamii iliyomlea. Ungamo lake lina maana kwetu kwa sababu tunaweza kuliweka kando ya kitabu chenyewe. Zaidi ya hayo, mwaka 1973 Casterman walianza kuchapa upya zile kurasa za kwanza za nyeusi na nyeupe kama zilivyokuwa. Waliweza kufanya hivyo kwa kuwa kurasa hizo zilikuwa zimehifadhiwa na hazikutupwa.

Sisi tuliosoma Tintin kwa Kiingereza tuna sababu yetu ya pekee ya kulijali jambo hili. Wachapishaji Methuen wa London walianza kuvitoa vitabu hivyo mwaka 1958. Tulipata Tintin wa mwezini mwaka 1959, Tintin wa Tibet mwaka 1962, Tintin wa Scotland mwaka 1966. Tintin wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hatukupewa. Kwa Kiingereza kitabu cha Kongo cha nyeusi na nyeupe kilitoka mwaka 1991 tu, na kile cha rangi mwaka 2005. Kwa hiyo kizazi kizima cha wasomaji wa Afrika Mashariki kilimpenda kijana huyu mwenye kishungi bila kujua aliwahi kupita jirani na kusema nini. Sisemi kwamba tusingempenda. Nasema tulistahili kujua.

Je, kitabu hicho kipigwe marufuku? Mwaka 2007 Mkongo aliyeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikwenda mahakamani Brussels akitaka uuzaji wake usimamishwe. Mwaka 2012 mahakama ilikataa, na rufani yake ikakataliwa mwaka huo huo. Naielewa hasira yake. Mtu akikuchora mjinga mbele ya watoto wa dunia nzima una haki ya kukasirika. Lakini marufuku na marekebisho ya kimyakimya yana tabia moja: yote mawili humwachia mchoraji jina safi na kutuachia sisi mikono mitupu. Naona bora zaidi njia waliyoifuata mwaka 2023, walipotoa upya kurasa za kwanza za Kongo zikiwa zimetiwa rangi, pamoja na dibaji ya kueleza mazingira yake. Yaani, hiki ndicho kilichosemwa, na huu ndio wakati kiliposemwa.

Sasa nije kwenye vitabu vya kidijitali, nisije nikaonekana mzee anayegombana na mashine. Faida zake nazijua, kwani ninazitumia. Kwa macho ya mtu aliyevuka miaka sabini, kuweza kukuza picha mpaka uone kila mstari ni neema kubwa. Nimeona katika picha za Hergé mambo madogo ya nyuma, kama tangazo ukutani au uso wa mpita njia, ambayo karatasi ilinificha miaka mingi. Mwalimu wa kijijini asiye na maktaba anaweza leo kuwaonyesha wanafunzi wake picha ambazo zamani zilihitaji nauli ya kwenda mjini. Mchwa hauli faili. Wala bei hailingani: mwaka 2021 mjini Paris mchoro mmoja wa Hergé, uliokusudiwa kuwa jalada la kile kitabu cha China, uliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 3. Ukusanyaji wa namna hiyo tuwaachie wenyewe.

Karatasi nayo ina ugonjwa wake. Magazeti na vitabu vya bei nafuu vilichapwa kwenye karatasi ya mbao iliyosagwa, yenye asidi ndani yake. Mwanga na joto vinapoipata hugeuka manjano, kisha kahawia, kisha ikavunjika kama ganda la karanga. Katika pwani yetu yenye unyevu huongezeka ukungu na wadudu. Anayesema karatasi ni ya milele hajawahi kufungua sanduku la magazeti lililokaa darini miaka thelathini.

Hata hivyo, kitabu cha kidijitali kina mambo mawili ambayo mnunuzi hana budi kuyajua. La kwanza ni kwamba mara nyingi hukununua kitabu, umenunua ruhusa ya kukisoma. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta katika vifaa vya wateja wake vitabu viwili vya George Orwell, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Wateja walirudishiwa fedha, lakini vitabu waliamka wakavikosa. Mwaka 2013 duka la JManga, lililouza katuni za Kijapani kwa njia ya intaneti, lilifungwa, na waliokuwa wamelipia katuni hizo hawakuweza kuzisoma tena. Duka la vitabu mjini likifilisika, hakuna anayekuja nyumbani kwako usiku kuchukua ulivyonunua.

La pili ni zito zaidi kwa mtu wa historia. Chapa ya kidijitali inaweza kubadilishwa bila kuacha alama. Karatasi ikirekebishwa, ile ya zamani hubaki mahali fulani: kwa shangazi, shuleni, kwa muuza vitabu vikuukuu. Faili likirekebishwa, jipya hukaa mahali pa la zamani. Tazama mfano huu usio na ubaya wowote. Vitabu vya Tintin vya Kiingereza vilitafsiriwa na Leslie Lonsdale-Cooper na Michael Turner, na ni maneno yao tuliyoyacheka utotoni. Mwaka 2015 matoleo rasmi ya kidijitali yalipotoka kwa Kiingereza yalikuja na tafsiri mpya ya Michael Farr. Ni msomi mwenye sifa, na tafsiri yake ina haki ya kuwapo. Lakini mzee anayetaka kusoma tena matusi ya Kapteni Haddock kama alivyoyajua, akinunua toleo hilo atakuta maneno mengine katika picha zile zile. Asipokuwa na kitabu chake cha zamani ataanza kuitilia shaka kumbukumbu yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo mimi sikubali kwamba karatasi na dijitali ni mahasimu. Kila kimoja kina kazi yake. Karatasi ni shahidi. Dijitali ni mpiga mbiu. Shahidi hutunzwa ili siku ya kesi asimame na kusema aliyoyaona mwaka ule. Mpiga mbiu huyafikisha maneno kwa watu wengi waliokaa mbali. Ubaya huja pale tunapomfukuza shahidi kwa sababu mpiga mbiu ana sauti kubwa.

Na hapa nawaza katuni zetu wenyewe. Hergé ana wachapishaji, wakfu na wakusanyaji wa kumlinda. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo, na vichekesho vya jarida la Sani, hao walichekesha nchi nzima, kisha karatasi zao zikafungia maandazi. Chapa ya pili ya kulinganisha hawana wengi wao. Kilichotoka siku ile ndicho hicho hicho, na kikiliwa na mchwa hapana cha kutia katika kompyuta. Bei za vyakula, foleni, mabosi wenye matumbo, lugha ya mitaani ya miaka ile: yote hayo yamo katika michoro hiyo kwa namna ambayo hotuba hazikuyaandika. Wakongo waliochorwa na mtu asiyewajua wamehifadhiwa vizuri Brussels. Itakuwa ajabu kama sisi tuliochorwa na ndugu zetu tutapotea.

Basi ushauri wangu ni wa kiualimu, na hauhitaji fedha nyingi. Aliye na majarida na magazeti ya zamani ya katuni asiyauze kwa kilo. Ayaweke pakavu, mbali na jua, na juu ya kila moja aandike tarehe kwa penseli ikiwa ukurasa wenye tarehe umepotea na anaijua. Kisha ayapige picha kwa simu, kila ukurasa na tarehe yake, awape jamaa wawili watatu wakae nazo. Na anayemnunulia mjukuu Tintin, iwe kitabu cha dukani au cha kwenye simu, kabla hajampa atafute mwaka wa chapa na jina la mfasiri. Wakifika kwenye lile darasa la misheni, amwulize mtoto kwa nini anadhani hakuna aliyejibu mbili na mbili. Akishajibu, amweleze somo lililokuwa pale kabla yake.